PoE: Nani Anakula Umeme Usiku? Somo la swichi kwa mafundi wa Masisi na Walikale



Wengi wetu wenye tulisoma informatike tulifundishwa mtandao mu chumba chenye umeme. Profesa anachora swichi ku ubao, anachora kompyuta, anapitisha mistari kati yao. Umeme hauchorwi, juu uko ukutani. Halafu unarudi kwenu, unapewa kazi ya kuweka mtandao mu kituo cha afya ao mu shule ya Nyabiondo, Mweso, Mubi ao Itebero, na unakuta umeme njo swali la kwanza. Kuko paneli za sola juu ya mabati, bateri mbili chini ya meza, na watu wote wa nyumba wanazitegemea hizo bateri: wa taa, wa simu, wa kompyuta, na wewe wa mtandao.

Leo naandika juu ya kitu kimoja chenye kimenisaidia sana katika kazi hii: namna ya kusimamia PoE kwenye swichi. Watu wengi wananunua swichi ya PoE, wanachomeka vifaa, vinawaka, wanaondoka. Nataka kuonyesha kwamba kazi inaanzia pale pale wanapoondokea.

PoE ni nini

PoE ni umeme unaopita ndani ya kebo ile ile ya mtandao. Kamera iliyo juu ya geti haihitaji waya wa pili wa umeme: kebo moja inaleta data na chakula. Swichi inatoa umeme wa moja kwa moja, karibu volti 48, na kifaa kinaupunguza chenyewe kadiri ya mahitaji yake.

Kuna viwango vitatu vya kujua. Cha kwanza kilitoka 2003, kinaitwa 802.3af: swichi inatoa hadi wati 15,4 kwa kila poti, na kifaa kinahakikishiwa wati 12,95, juu kidogo inapotea njiani ndani ya kebo. Cha pili, 802.3at cha 2009, kinatoa hadi wati 30, na kifaa kinapata 25,5. Cha tatu, 802.3bt cha 2018, kinafika wati 60 na hata 90. Kwa kazi zetu nyingi, yaani simu, kamera, visambaza Wi-Fi na redio za kuunganisha vilima, kiwango cha kwanza na cha pili vinatosha.

Swichi ya kiwango haitupi umeme ovyo. Kwanza inapima kwa volti ndogo kama upande wa pili kuna rezistansi ya kiloomu 25. Ikiikuta, inajua kwamba kifaa ni cha PoE. Halafu inauliza daraja lake: daraja la 1 linatengewa wati 4, la 2 wati 7, la 3 wati 15,4, la 4 wati 30. Kifaa kisichotaja daraja kinahesabiwa kama cha daraja la 3. Kisha njo umeme unafunguliwa. Njo maana ukichomeka laptop kwenye swichi ya aina hiyo, haiungui.

Lakini angalia: sokoni kuna vifaa vya PoE ya volti 24 isiyouliza kitu, yenye inatuma umeme tangu unapochomeka. Vifaa hivyo vinafanya kazi vizuri na redio zake, ila usivichanganye na vya kiwango. Kabla ya kuchomeka, soma maandishi yaliyo nyuma ya kifaa. Ukikuta imeandikwa 24V tu bila 802.3, jua huyo ni wa ukoo mwingine.

Bajeti: sahani ni nane, chungu ni kimoja

Hapa njo watu wengi wanapotea. Swichi ya poti 8 yenye kuandikwa "PoE+ wati 30" haimaanishi kwamba poti zote 8 zitapata wati 30 pamoja. Hiyo ingekuwa wati 240. Swichi nyingi ndogo zina bajeti ya jumla ya wati 60 na kitu hivi, ao 120. Poti ni sahani, bajeti ni chungu. Unaweza kuwa na sahani nane na chungu cha watu wanne.

Tuchukue mfano wa kuhesabu: kituo cha afya chenye swichi ya poti 8 na bajeti ya wati 65. Kwenye poti 1 hadi 4 kuna kamera, kila moja inakula wati 7 usiku taa zake za gizani zikiwaka. Poti 5 na 6 ni visambaza Wi-Fi, kimoja ofisini, kimoja maternite, wati 9 kila kimoja. Poti 7 ni redio inayotuunganisha na kilima, wati 7. Poti 8 ni simu ya maternite, wati 3.

Jumlisha: kamera 28, Wi-Fi 18, redio 7, simu 3. Ni wati 56. Bajeti ni 65. Kwa kichwa chako umemaliza.

Sasa swichi nayo inahesabu. Kama imewekwa kuhesabu kwa daraja, haiangalii kifaa kinakula ngapi. Inaangalia kinaweza kuomba ngapi. Kamera zetu ni za daraja la 3, basi inazitengea 15,4 mara nne: wati 61,6. Zimebaki 3,4. Wi-Fi inanyimwa. Redio inanyimwa. Simu ya maternite inanyimwa. Unakuta kamera nne zinarekodi vizuri sana kituo chenye hakiwezi kuita mtu.

Na swichi haikuharibika. Imefanya kile ilichoambiwa, na wengi watarudi Goma kununua nyingine kubwa zaidi, yenye itakula bateri zaidi.

Dawa iko mu menyu. Ya kwanza, badilisha namna ya kuhesabu, kutoka kwa daraja kwenda kwa matumizi halisi, kama swichi yako inaruhusu. Ya pili, weka mpaka kwa kila poti: kamera wati 8, Wi-Fi wati 10, redio 8, simu 4. Hesabu tena: 32, na 20, na 8, na 4. Ni wati 64, inaingia mu 65. Ukiweza kupata swichi yenye nafasi kidogo zaidi ya hapo, ni vizuri, juu kifaa kinapowaka kinaweza kuruka kidogo. Mipaka hiyo usiiweke kwa kukisia. Acha vifaa viwake siku moja na usiku mmoja, soma wati za kila poti ndani ya menyu, halafu uongeze kidogo juu ya ile kubwa uliyoiona. Kamera inakula zaidi usiku kuliko mchana. Ukipima saa sita za mchana utajidanganya.

Nani anakula kwanza

Bajeti ikipungua, swichi inakata mtu. Inamkata nani? Kama hukuichagulia, mara nyingi vifaa vyote viko sawa, na hapo swichi nyingi zinaanza kuhifadhi poti zenye namba ndogo. Mu mfano wetu poti ya 8, simu ya maternite, njo inaondoka ya kwanza.

Swichi nyingi za PoE zinazosimamiwa zina ngazi za umuhimu, kwa kawaida tatu; kwenye menyu zinaandikwa Critical, High na Low. Mimi ninazijaza nikiwa nimeketi na muuguzi mkuu ao mkuu wa shule, sio peke yangu. Ninamuuliza swali moja: kama umeme wa usiku ni kidogo, kitu gani kikizima kinaweza kuua mtu? Jibu linakuja haraka. Mama ana uchungu mgumu, lazima kuita ambulansi ao daktari wa hospitali kubwa. Basi redio na simu ni ngazi ya juu, zote mbili, juu simu bila redio ni plastiki tu. Kamera ya geti na ya farmasi ni ngazi ya kati, pamoja na Wi-Fi ya maternite. Kamera za korido na Wi-Fi ya ofisi ni ngazi ya chini.

Ile orodha uiandike ku karatasi na uibandike karibu na swichi. Siku fundi mwingine atakuja, ataelewa kwamba haya hayakupangwa na namba za poti, yalipangwa na watu.

Swichi haijui bateri inakufa

Sasa fika pale pagumu. Ngazi za umuhimu zinalinda bajeti ya swichi peke yake. Swichi haioni bateri. Itaendelea kulisha vifaa vyote mpaka inveta, ile wengine wanaita konvertisa, ipige kelele na kuzima. Hapo simu yenye ngazi ya juu na kamera ya korido zinakufa dakika moja.

Kwetu tuko karibu sana na ikweta, usiku ni saa kumi na mbili karibu mwaka mzima. Chukua bateri mbili za volti 12, ampea-saa 100 kila moja. Jumla ni wati-saa 2400. Kama ni za asidi na unataka zidumu, usizishushe zaidi ya nusu: unabaki na 1200 za kutumia.

Vifaa vyetu ni wati 56, swichi yenyewe 8, raoteri 6: wati 70. Weka asilimia 15 ya kupotea kwenye inveta na vigeuzi, inafika karibu 82. Mara saa 12, ni wati-saa 988. Zinabaki 212 za taa. Balbu ya LED ya volti 12, wati 7, inakula 84 usiku mzima. Mtandao umewaachia wauguzi balbu mbili.

Sasa tumia ratiba. Swichi nyingi zinazosimamiwa zinaruhusu kufunga na kufungua umeme wa poti kwa saa. Wi-Fi ya ofisi inafungwa saa 12 jioni mpaka asubuhi, hakuna mtu ofisini. Wi-Fi ya maternite inafungwa saa 4 usiku. Kamera mbili za korido zinafungwa usiku, juu milango ya nje inaangaliwa na zile zingine mbili. Zinabaki swichi 8, raoteri 6, redio 7, simu 3, kamera mbili 14: wati 38 usiku wote, pamoja na Wi-Fi ya maternite kwa saa nne za kwanza. Ukipiga hesabu na kupotea kule kule, ni wati-saa 579. Zinabaki 621. Hizo ni balbu saba.

Kutoka balbu mbili hadi saba, bila kununua bateri, bila kupanda juu ya mabati. Umebonyeza tu menyu. Mimi kila nikielezea hesabu hii kwa muuguzi, hanisikilizi tena kama mtu wa kompyuta; ananisikiliza kama mtu wa kazi yake.

Kuna mitego mitatu ya ratiba. Wa kwanza ni saa ya swichi. Nyingi zikizima zinasahau saa na zinaamkia mwaka wa nyuma sana, halafu zinafunga poti mchana na kuzifungua usiku. Iambie swichi ichukue saa kutoka kwa raoteri ao intaneti kila inapowaka. Wa pili ni ukanda wa saa. Ukichagua Kinshasa utakuwa nyuma saa moja. Sisi wa mashariki tunachagua Lubumbashi. Na kumbuka saa 4 usiku yetu ni 22:00 ya swichi. Wa tatu ni kusahau kuhifadhi. Swichi nyingi zinatofautisha kubadilisha na kuhifadhi; usipohifadhi, umeme ukikatika mara moja kazi yako yote imekwenda.

Kuwasha upya bila kupanda moto

Faida nyingine kubwa ya kusimamia PoE ni safari. Kila fundi anajua: kamera ao kisambaza Wi-Fi kinaganda, dawa yake ni kuzima na kuwasha. Kwa mtu wa mji ni dakika tano. Kwetu ni moto, ni matope, ni bariere njiani, na siku zingine ni barabara yenye hakuna mtu anakushauri kuipita. Ukiwa na swichi inayosimamiwa, unaingia kwa mbali, unakata umeme wa poti moja, unahesabu hadi kumi, unarudisha.

Ila usikate kamwe poti ya redio ile yenye wewe mwenyewe unapitia. Ukiikata, umekata tawi ulilokalia, na hakuna wa kukurudisha isipokuwa moto. Kwa redio hiyo tumia kazi ya swichi ya kujiangalia: inaita anwani ya upande wa pili kila baada ya dakika kadhaa, na isipojibiwa mara nyingi inazima poti na kuiwasha yenyewe. Weka muda mrefu kidogo, ili isiwashe upya redio kila mvua inaponyesha.

Na badilisha neno la siri la kiwandani. Mtu mwenye kuingia mu menyu ya swichi anaweza kuzima simu ya maternite akiwa ameketi mbali sana.

Kebo na radi

Menyu nzuri haiokoi kebo mbaya. Kiwango kinaruhusu mita 100 kati ya swichi na kifaa, si zaidi. Na sokoni kuna kebo rahisi yenye aluminiamu ndani iliyopakwa shaba juu. Inapitisha data, lakini kwa PoE inapoteza umeme zaidi na kupata joto zaidi. Ikwangue kwa kisu: shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani, ile nyingine inang'aa nyeupe.

Halafu radi. Utafiti wa picha za setilaiti uliotoka 2016 ulipanga sehemu za dunia zenye radi nyingi. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo huko Venezuela, ya pili ni Kabare, hapa jirani Kivu ya Kusini, na Sake ya Masisi kwetu iko ndani ya kumi za kwanza. Tunaweka vyuma juu ya vilima mu moja ya sehemu zenye kupigwa zaidi duniani. Kwa hiyo: kinga ya radi kwenye kila kebo inayotoka nje, waya wa ardhi wa kweli uliozikwa mu udongo wenye unyevu, na kati ya nyumba mbili, ukiweza, tumia faiba. Faiba haipitishi umeme. Haitalisha kamera, ni kweli, lakini haitaleta radi ndani ya maternite.

Neno la mwisho kwa wenye wanatafuta kazi

Tangu Starlink ipate leseni mu nchi yetu, mwezi wa 5 mwaka 2025, watu wengi wanauliza juu ya antena. Jueni kwamba kiti ya kawaida inakula wastani wa wati 75 hadi 100, yaani zaidi ya swichi yetu na watoto wake wote wanane. Na umeme wake si wa kiwango cha 802.3, usijaribu kuilisha kwa poti ya swichi. Intaneti imekaribia, lakini bateri ni zile zile. Mwenye anajua kugawa wati atatafutwa.

Kama uko mwanafunzi na hauna swichi ya kujifunzia, chukua daftari. Nenda ku kituo cha afya ao shule ya karibu, omba ruhusa, andika kila kifaa, wati zake, saa zake za kazi, na nani anakihitaji usiku. Piga hesabu kama nilivyopiga hapa. Mpelekee mkuu wa kituo ile karatasi. Haitakugharimu hata franka, na pengine njo barua ya kuomba kazi yenye atakumbuka.

 Tuendelee kufundishana.